Wazazi na walimu mlioko Marekani: walimu kubeba bunduki shuleni, tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi niko Tennessee, nina watoto wawili shule ya msingi. Mnakumbuka shambulio la shule ya Covenant pale Nashville, Machi 2023, watoto 3 na watu wazima 3 waliuawa. Baada ya hapo wazazi wakajaa bungeni wanalia sheria za bunduki zikazwe, kilichokuja kutoka Aprili 2024 ni sheria inayomruhusu mwalimu abebe bastola darasani kwa kificho. Anasoma mafunzo ya saa 40, anapimwa akili, mwalimu mkuu na mkurugenzi wa shule na mkuu wa polisi wanakubali, imeisha hiyo. Sisi wazazi hatuambiwi ni mwalimu gani anayo, na hapo ndipo roho yangu inagoma kabisa.

Kwangu mimi shida inaanzia nyumbani, bunduki imelala kwenye droo na mtoto anajua ilipo, halafu mzigo wote anakuja kutwishwa mwalimu. Ila sitaki tubishane siasa za hawa watu. Nataka mliopitia mseme mlichokiona, wanaounga mkono na wanaopinga wote karibuni.

Mwalimu wa Hesabu, Texas
Mimi nafundisha huku mashambani, sherifu ukimpigia anaweza chukua muda mrefu sana kufika. Tangu 2023 sheria inataka kila shule iwe na askari mwenye silaha, na shule ndogo isiyo na pesa ya kumwajiri inaruhusiwa kutumia mfanyakazi wake aliyepewa mafunzo. Mkubwa wangu aliniita ofisini akaniuliza kama naweza jitolea. Nikamwambia hapana.

Wacha niwaeleze kwa nini. Kwanza wengi wanaoshambulia shule ni watoto wa hiyo hiyo shule ama waliosoma hapo, yule aliyeshambulia shule ya msingi Robb, mji wa Uvalde hapa Texas, alisoma hapo hapo akiwa mdogo. Kwa hivyo nikishika ile bastola najua uso nitakaokutana nao unaweza kuwa wa mtoto niliyemfundisha kugawanya, na nitatakiwa nimpige risasi. Pili, polisi wakiingia mbio wakute mtu mweusi amesimama korido na bastola, watajuaje mimi ni mwalimu? Hilo swali nilimuuliza, hakunijibu. Na tusisahau Uvalde walifika maaskari 376, watu wa kazi hiyo, wenye ngao na bunduki kubwa, na ikachukua dakika 77 kuingia darasani, watoto 19 na walimu 2 wakafa. Sasa mimi na chaki yangu nitafanya nini?

Baba Watatu, Ohio
Mimi naunga mkono, samahani kama nitawakera. Nilikuwa askari nyumbani Tanzania kabla sijahamia huku, na najua dakika za kwanza ndizo zinazoua, mlango ukishavunjwa mwalimu hana kitu zaidi ya kiti. Ila hata mimi nilichukia walichofanya hapa 2022, mwanzo mwalimu anayetaka kubeba silaha alitakiwa asome zaidi ya saa 700 kama polisi wakashusha mpaka 24! Saa 24 mtu anajifunza kulenga karatasi, hajifunzi kulenga huku watoto wanakimbia mbele yake wanapiga kelele. Nimewaona askari wenzangu waliofundishwa miezi na miezi mikono inawatetemeka siku ya kwanza ya kweli. Wakitaka kumpa mwalimu silaha wampe na muda wa kuijua, vinginevyo wamwache afundishe.

Mama Bukavu, Iowa
Miye natoka Kongo, milio ya risasi naijua toka utoto, ndiyo ilitukimbiza. Binti yangu wa darasa la pili akarudi siku moja ananiambia mama tumefanya zoezi la kujificha, taa zinazimwa, tunakaa pembeni ya ukuta, hatukohoi. Aliniambia vile anaeleza mchezo tu. Nilienda bafuni nikalia, maana mimi ndiyo nilimleta huku ili asijue hayo.

Dada wa Florida
Nafanya kazi ofisi ya shule. Baada ya shambulio la shule pale Parkland 2018, watu 17 waliuawa, hapa walipandisha umri wa kununua bunduki mpaka miaka 21 na hakimu akapewa uwezo wa kuamuru mtu anyang'anywe silaha akionekana hatari. Kwetu kuna mwanafunzi, ameshatimiza 18, aliandika vitisho mtandaoni, wenzake wakaleta picha ofisini, polisi wakaenda kwa hakimu na bunduki zake zikachukuliwa. Hakuna gazeti lililoandika kwa sababu hakuna kilichotokea. Huko walimu wapewe bunduki au wasipewe, hili mimi nimeliona linafanya kazi.

Nesi wa Michigan
Mleta mada umesema kweli kuhusu droo. Mwanangu alienda kucheza kwa rafiki yake akaonyeshwa bastola ya baba mtu iliyokuwa kando ya kitanda. Namshukuru Mungu walikuwa wanaitazama tu. Hapa wazazi wa yule kijana wa shule ya Oxford, mji wa hapa Michigan, aliyeua wenzake 4 mwaka 2021 walihukumiwa wote wawili miaka 10 mpaka 15, baba ndiye aliyeinunua ile bastola siku 4 kabla. Na toka Februari 2024 ni kosa kuacha silaha wazi nyumba yenye mtoto.

Mleta mada
Nesi, pole sana dada. Sasa uliwaambiaje wazazi wa huyo rafiki bila kugombana? Mimi huwa naona haya kuuliza.

Nesi wa Michigan
Nilimpigia mama mtu, nikamweleza mtoto alichoniambia, sikulaumu. Alishtuka kuliko mimi. Siku hizi kabla mtoto hajaenda kwa watu nauliza pamoja na mambo ya chakula na mbwa: mna silaha ndani, imefungwa? Hakuna aliyewahi kukasirika. Na kama mtu hana kufuli, vituo vingi vya polisi vinagawa kufuli za waya za kufungia bunduki bure, unaingia unaomba tu, hawakuulizi chochote. Mimi nilichukua nikampelekea.