Rafiki yangu wa karibu ana umri wa mwanangu, na mama yake hapendezwi. Nifanyeje?

Mgeni wa Mlingotini

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 52. Nilikuwa mhasibu Dar es Salaam hadi ofisi yetu ilipopunguza wafanyakazi, na kwa kuwa mume wangu alikwisha kufariki na watoto wanajitegemea, nilihamia Mlingotini, hapa Bagamoyo, nikajiunga na kikundi cha wanawake wanaolima mwani. Sikujua lolote kuhusu bahari. Aliyenifundisha ni binti wa miaka 24 aliyekulia katika kazi hiyo: ndiye aliyenionyesha kupigilia vigingi mchangani, kufunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba kwa tai-tai, vile vijikamba vidogo vya kufungia, bila kuzibana mno, na kufuata bamvua za mwezi mchanga na mwezi mpevu, kwa maana siku hizo ndizo maji hupwa kiasi cha kutuwezesha kufika shambani.

Tangu hapo tumekuwa marafiki wa kweli. Jioni huja kwangu nimfundishe kutunza hesabu, kwani anataka kutengeneza sabuni ya mwani na kuiuza mwenyewe, nami humweleza habari za ujane ambazo siwezi kuwaeleza wanangu. Sasa nimesikia kwamba mama yake, ambaye ni rika langu, amemwambia jirani kuwa bintiye amepata mama mwingine. Maneno hayo yameniumiza sana. Je, nipunguze ukaribu huu, au ipo njia ya kuuendeleza bila kumvunjia mama huyo heshima?

Bibi wa Dunda

Karibu Bagamoyo, mdogo wangu. Usijione umefanya jambo geni, kwa sababu huku pwani tangu zamani binti hakuachiwa mama yake peke yake. Alipovunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima asiye mama yake, aliyemfunda, akamsindikiza hadi katika ndoa, na mara nyingi akabaki msiri wake hata baada ya binti mwenyewe kupata wajukuu. Mama hakuona kwamba amenyang'anywa mtoto, kwani wazazi ndio waliomchagua somo huyo na kumpa binti wakijua tabia yake na ukoo wake. Wewe hukukabidhiwa na mtu. Umetoka mjini, hujulikani kwenu ni wapi, na ghafla binti anashinda kwako kila jioni. Mama yeyote angeuliza.

Kwa hiyo nenda ukapige hodi kwake, mchana, bila binti. Jieleze wewe ni nani, umetoka wapi na umefiwa na nani. Usiende kujitetea wala kumtaja yule jirani.

Mwalimu, Pangani

Naheshimu aliyosema bibi, lakini binti wa miaka 24 ni mtu mzima, na urafiki wake hauhitaji kibali cha mzazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo biashara ya sabuni. Dada, kama umetia au unakusudia kutia fedha zako, andikianeni mapema nani ametoa nini, ni mkopo au ni ubia, na faida itagawanywaje, kwa sababu pengine mama huyo anaogopa kwamba mtu mwenye elimu na akiba atamtumia mwanawe kisha aondoke. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno mazuri; huondolewa kwa daftari ambalo binti mwenyewe analishika na kulielewa. Jambo la pili: lolote aliloambiwa mmoja wenu kwa siri lisifike kwa mama, hata kama mazungumzo yatakuwa ya upole kiasi gani.

Mkulima kijana, Mkinga

Shikamoo mama. Nami nalima mwani, na nina rafiki aliyenizidi kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitasema kwa upande wa binti. Mama yangu hakuumizwa na urafiki wetu, bali aliumizwa na kuwa wa mwisho kupata kila habari yangu. Nilipoanza kumweleza yeye kwanza mipango yangu, hata ile midogo, manung'uniko yalikwisha. Hilo ni la rafiki yako kulifanya, si lako.

Lililo lako ni hili: ikiwa mama yake naye analima, mwombe akufundishe. Kina mama wa rika lake wameona mengi tusiyoyaona sisi. Wengi walilima mwani wa aina ya kottoni kwa sababu ya bei yake nzuri, wakaona inavyooza maji yanapopata joto, wakarudi kwenye aina nyingine, spinosamu, inayostahimili zaidi ingawa inalipa kidogo. Binti yake alikufundisha kufunga kamba, lakini kujua ni sehemu gani ya maji itakayoharibu mbegu msimu wa joto huenda anajua mama.

Mgeni wa Mlingotini

Marahaba mwanangu, na shikamoo bibi. Nawashukuru nyote. Fedha bado sijatia, na sasa sitatia kabla hatujaandikiana. Mama huyo analima, na kamba zake haziko mbali na zangu. Sikuwahi kufikiri kumwomba anifundishe. Nitakwenda kwake kabla ya bamvua ijayo.