Askari aliyeumia jeshini akipata kazi nzuri, fidia yake ikatwe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kila bajeti ya Marekani inapobana, kuna swali linarudi: askari wa zamani mwenye ulemavu, ambaye leo ana kazi na mshahara mnono, aendelee kupokea fidia ya serikali kila mwezi? Ofisi ya Bajeti ya Bunge lao imewahi kuorodhesha njia hii kati ya hatua za kupunguza matumizi: mwenye kipato kikubwa apunguziwe au akose kabisa.

Mimi nasema isiguswe.

Kwanza tujue inavyokwenda. Ulemavu hupewa asilimia, kuanzia 0 hadi 100, kwa kuruka makumi. Kwa viwango vya 2025, mwenye asilimia 10 alikuwa anapata dola 175.51 kwa mwezi. Mwenye 100, asiye na mke wala mtoto, alikuwa anapata dola 3,831.30. Hazikatwi kodi. Sasa sikilizeni: sheria yao haiulizi wewe binafsi umepoteza kiasi gani. Inaangalia wastani wa uwezo wa kujipatia kipato ambao mtu mwenye jeraha kama lako hupoteza katika kazi za kiraia. Aliyekatwa mguu kisha akawa mwanasheria hajamdanganya mtu. Analipwa kwa ajili ya mguu, na mguu haujaota tena.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hilo neno "wastani" umelipita mbio kweli. Wastani wa nani? Jedwali lao la kupangia asilimia za ulemavu mifupa yake ni ya 1945. Wamelifanyia marekebisho mengi, sikatai, lakini limezaliwa enzi ambazo mtu alikula kwa nguvu za mabega na magoti. Leo mwenye goti bovu anakaa kwenye kompyuta na hapotezi hata senti.

Halafu angalia kinacholipwa. Tatizo linaloongoza kwa wingi kati ya wanaolipwa ni masikio kuvuma. Sio mguu. Mguu ndio mnaotuonyesha kila mjadala huu unapoanza.

Mchangiaji wa pili:
Kwa hiyo aliyejikongoja akasoma aadhibiwe, na aliyekaa tu alipwe? Safi sana.

Mchangiaji wa tatu:
Niseme kidogo maana hili liko nyumbani kwetu. Shemeji yangu alitumikia jeshi la Marekani. Masikio anayoyadharau mchangiaji wa kwanza ndiyo yanayomkosesha usingizi, feni lazima iwake usiku kucha ili izime ule mlio. Tena kwa hilo anapata asilimia 10 tu.

Wengi hawajui hizi asilimia hazijumlishwi kama za dukani. Ukiwa na 50 kwa mgongo na 30 kwa bega, hupati 80. Wanachukua mtu mzima kama 100, wanaondoa 50, halafu ile 30 wanaipiga kwenye nusu iliyobaki, inatoka 15. Jumla 65, wanaipandisha hadi 70. Shemeji alipoletewa barua alidhani wamekosea hesabu.

Na kuna jambo halimo kwenye jedwali lolote. Akiwa kazini hakwenda kwa daktari, kwa sababu anayelialia hapangiwi safari na hapandi cheo. Miaka ikapita, anaambiwa alete karatasi za hospitali za wakati ule. Azitoe wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole kwa shemeji, nasema kwa moyo. Lakini sera haitungwi kwa huruma ya mtu mmoja. Marekani hawa hawa walishapita njia hii. Mwaka 1890 walipanua pensheni za vita vya wenyewe kwa wenyewe, na miaka michache baadaye pensheni zikawa zinameza karibu asilimia 40 ya bajeti ya serikali kuu. Mtu wa mwisho kulipwa pensheni ya vita hivyo, binti wa askari mmoja, Irene Triplett, alifariki 2020. Alikuwa akipokea dola 73.13 kwa mwezi, miaka 155 baada ya bunduki kunyamaza! Ahadi ya namna hii anailipa mtu ambaye hajazaliwa.

Mleta mada:
Hoja ya 1890 ni nzito, ila umeificha nusu. Sheria ile ililipa hata ulemavu usiohusiana na vita. Ilitosha kuwa umetumikia siku 90, ukaachwa kwa heshima, na huwezi kazi ya mikono. Ya leo inadai ulemavu uwe umetokana na utumishi au umezidishwa na utumishi. Ni vitu viwili.

Na mnaosema serikali inagawa ovyo, tazameni kalenda. Unyunyiziaji wa Agent Orange, dawa yenye sumu ya kuua majani ya msituni, kule Vietnam uliisha 1971. Sheria ya kuwaondolea askari mzigo wa kuthibitisha kwamba dawa ile ndiyo iliyowafanya waugue ikaja 1991. Mabaharia waliokuwa kwenye meli nje ya pwani wakasubiri hadi 2019. Moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, sheria 2022. Katika miaka yote hiyo ya kusubiri watu walikuwa wanakufa, na marehemu haendi kupanga foleni ya fidia. Hiyo nayo ni kubana matumizi, ila haiandikwi kwenye bajeti.

Mchangiaji wa nne:
Uingereza wana mtindo mwingine. Kwa madhara ya utumishi tangu tarehe 6 Aprili 2005, wanalipa kwa mkupuo kulingana na jeraha, hadi pauni 650,000, na walioumia vibaya zaidi wanaongezewa malipo ya kila mwezi maisha yote. Inapendeza. Ila mzigo wa ushahidi uko kwa askari, na kwa kawaida ana miaka saba tu ya kudai. Marekani, ushahidi ukilingana pande zote mbili, askari ndiye anayepewa ushindi. Nikichagua, nachagua hilo kuliko mkupuo. Kijana wa miaka 22 na mfuko wa pesa, ndugu zake wote wanaikumbuka namba yake ya simu.

Mchangiaji wa tatu:
Na mnajadili kukata kana kwamba makato hayapo. Askari aliyeumia vitani akatolewa jeshini kabla ya kutimiza miaka 20, pensheni yake ya jeshi inapunguzwa dola kwa dola kwa sababu ya fidia. Zaidi ya watu 50,000. Kuna muswada wa kulirekebisha, unaitwa Major Richard Star, umerudishwa bungeni mara kadhaa. Aliyeumia mwaka wa 12 alitakiwa afanye nini, amwombe adui asubiri minane mingine?

Mchangiaji wa kwanza:
Hilo la pensheni nakubali, ni dhuluma. Nami nijibuni moja. Kuna wanaolipwa kama wenye asilimia 100 ingawa wana 60 au 70, kwa sababu ulemavu umewafanya washindwe kushika kazi. Malipo hayo hayana ukomo wa umri. Mtu wa miaka 80 analipwa kwa kukosa kazi ambayo wa rika lake wote wameshaiacha!

Mleta mada:
Aliyeacha kazi akiwa na miaka 30 amechangia nini kwenye mfuko wa uzeeni? Ukimkata akifika 67 anabaki na pensheni ya mtu aliyefanya kazi miaka michache.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, huyo mwache. Na aliyefanya kazi vizuri hadi 67, akastaafu, ndipo akaomba malipo ya kushindwa kazi?

Mleta mada:
Huyo sina pa kumtetea, mkuu.