Mkutano wa kijiji tunaitwa kuchangia, tukiuliza mapato na matumizi tunaambiwa muda umeisha

Wakuu, hili limenifika shingoni. Mikutano ya vijiji imegeuzwa mahali pa kukusanyia michango na sahihi. Hesabu hatuzioni.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani sisi wakazi wote tuliofikisha miaka 18, ndio mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na viongozi waje mbele yetu na mapato na matumizi. Kwetu inapita miezi na miezi kimya. Siku ukimsikia mgambo anapita na kipaza sauti, jua kuna mchango mpya.

Safari hii ni wa kumalizia boma la zahanati. Mchango wa kwanza tulitoa, kaya kwa kaya. Tofali tumefyatua wenyewe, maji na mchanga wamebeba kina mama, tena wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyekataa, kwa sababu kila mtu anajua umbali wa kumpeleka mjamzito usiku. Sasa mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza: fedha za mwanzo zilinunua mifuko mingapi ya saruji, kwa bei gani, na risiti ziko wapi? Mtendaji akafungua daftari, akasoma jumla ya mapato, jumla ya matumizi, salio, akafunga. Hakuna hata bei ya msumari. Kijana aliyesisitiza ajibiwe, mwenyekiti akamwita mpinga maendeleo mbele ya watu. Mtu aliyefyatua tofali za zahanati hiyohiyo! Kisha tukaambiwa muda umekwenda, maswali yapelekwe ofisini.

Kinachoniuma zaidi ni karatasi ya mahudhurio. Ukifika unasaini kuonyesha umefika. Baadaye karatasi ileile inaambatanishwa na muhtasari unaosema wananchi walipokea taarifa na kuridhia. Kule wilayani wanaona sahihi zetu, wanajua kijiji kimeshirikishwa. Nani atawaambia kwamba hatukujibiwa? Na hili haliishii kwenye saruji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Idhini hiyo inathibitishwa na nini kama si muhtasari na sahihi za namna hii? Wenye mashamba mfikirie hapo.

Msiseme ni kijiji kimoja chenye mtendaji mbaya. Nchi nzima tuliahidiwa uwazi. Mwaka 2011 Tanzania ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi (OGP), ambao ni wa kimataifa. Oktoba 2013 Rais Kikwete akiwa London aliahidi muswada wa haki ya kupata taarifa. Mei 2015 mkutano wa Afrika wa mpango huo ukafanyika Dar es Salaam. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ikapitishwa 2016, halafu 2017 tukajitoa kwenye mpango wenyewe. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa wakati wa kuingia wala wa kutoka.

Najua atatokea mtu aniambie sheria ya 2016 bado ipo, niandike barua ya kuomba taarifa, ofisi ina siku 30 za kunijibu. Sawa. Lakini barua hiyo nampelekea mtendaji yuleyule ninayemtegemea aniandikie barua ya utambulisho mwanangu akifuatilia kitambulisho cha taifa. Watu wananyamaza kwa sababu hiyo, na viongozi wanalijua hilo vizuri sana.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wiki moja kabla ya mkutano, kila kilichonunuliwa na bei yake, watu wafike wakiwa wameshasoma. Muhtasari usomwe kabla hatujatawanyika. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa kwamba ni ya mahudhurio tu. Na mchango mpya usitozwe hata shilingi mpaka risiti za ule wa kwanza zionekane.

Walioko vijiji ambako wananchi walibana hadi hesabu zikatolewa, naomba msaada wenu. Barua mliielekeza kwa mtendaji wa kijiji, wa kata, au kwa mkurugenzi moja kwa moja? Mlitaja vifungu gani? Kama mna nakala wekeni hapa, mfute majina. Sisi tunaandika yetu wiki hii, na tunasaini wengi kwa pamoja ili asitafutwe mtu mmoja.