Binti yangu ana hasira, anasinzia darasani na anakula udongo. Ni tabia au ni chakula?

MamaNuru:
Wadau, naombeni ushauri, mwenzenu nimechoka. Tuko Makambako. Binti yangu ana miaka 4 na nusu, siku hizi kitu kidogo tu anajirusha chini na kulia. Mwalimu anasema anasinzia, nyimbo wenzake wameshika yeye bado. Juzi nimemkuta nyuma ya nyumba anamega udongo wa ukutani, mdomo wote mwekundu. Nikamchapa, na roho bado inaniuma. Chakula hakosi: chai ya rangi na andazi, kisha ugali maharage, na chai tena. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Mdogo wake ana miezi 8.

NesiWaKata:
Pole dada, usimchape tena. Anayekula udongo mara nyingi amepungukiwa madini chuma au ana minyoo, pengine vyote. Madini hayo yakipungua mtoto anakuwa mkali, hatulii, hashiki anachofundishwa. Vuta kope la chini utazame ndani: likiwa limepauka, usingoje. Apimwe wingi wa damu (umri wake isishuke chini ya 11) na choo. Vidonge vya damu usinunue kwa kukisia, vikizidi ni sumu kwa mtoto. Na chai iondoe kwenye mlo, inazuia madini ya maharage yasiingie mwilini. Mpe chungwa badala yake.
Huyo wa miezi 8 ndiye ananipa hofu zaidi. Mpaka miaka 2 ubongo unajengwa kwa kasi, pengo la wakati huo ni gumu kuliziba. Uji mtupu haumtoshi, weka dagaa wa kusaga, yai, maini yakipatikana.

Mkulima_Iringa:
Huku kwetu mahindi yamejaa ghalani, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani wamedumaa. Mayai tunauza, maziwa tunauza, watoto tunawabakizia ugali. Inauma sana.

Baba Wawili:
Mimi ningeuliza pia nyumbani kukoje. Wangu alibadilika hivyohivyo mdogo wake alipozaliwa. Apimwe, lakini mkumbatie.

MamaNuru:
Nimerudi kituoni sasa hivi. Damu 8.6, na minyoo ipo. Amepewa dawa, tunarudi baada ya wiki nne. Mama mkwe alinyamaza, kisha akaenda bandani akarudi na mayai matatu kwenye khanga.