Nimemkamata mwizi wa vitenge, sasa mimi ndiye natishiwa kushitakiwa

Mama Vitenge Masasi

Habari za jioni wadau. Niko Masasi, nina duka la vitenge, khanga na vipodozi vichache, huu mwaka wa tisa. Siyo mwandishi sana huku, binti yangu kanifungulia akaunti hii leo maana kichwa kimejaa.

Jumamosi iliyopita, siku ya pili tangu hela za korosho ziingie. Mnajua Masasi inavyokuwa siku hizo, mtu hana pa kukanyaga. Wakaingia akina mama wawili. Mmoja akawa anamsumbua msaidizi wangu: nishushie kile cha juu, siyo hicho, kile cha kijani, hebu na kile cha pembeni. Binti wa watu yuko juu ya ngazi, mgongo kaupa mlango. Mimi nipo nyuma stoo nakula ming'oko na chai, jicho kwenye kamera. Yule wa pili namwona anakunja vitenge viwili, anavipitisha chini ya khanga aliyojifunga, kama anambeba mtoto. Yaani ustadi wake, kama siyo vyangu ningempigia makofi.

Nikaiacha sahani nikatoka. Nimemshika barazani, hatua tatu nje ya mlango. Vitenge vikadondoka vyenyewe. Mwenzie akapotea na kitenge cha tatu. Kimoja nauza 38,000.

Vijana wa bodaboda wakaja mbio na maneno yao. Nikaona huyu atauawa mbele ya duka langu, nikamwingiza stoo nikafunga. Alikaa humo tangu saa sita hadi saa kumi. Nikamnyang'anya simu nikisema ni rehani. Nikaandika karatasi, akasaini, kwamba atanilipa laki mbili kwa vyote vilivyopotea tangu Septemba, nami sitakwenda polisi. Ndipo nikamwachia.

Jana mume wake kaja. Hakugomba, kakaa kwenye benchi kaongea taratibu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kasema nimemfungia mkewe, nimempora simu, na karatasi ile ni ya kulazimishwa. Anakwenda kushitaki.

Sasa naombeni mnisaidie. Wizi wa dukani adhabu yake ni nini? Picha yake ya kamera naweza kuibandika mlangoni na kuirusha kwenye grupu letu la wenye maduka? Na msaidizi wangu namlipa 160,000 kwa mwezi, vimepotea vitenge vinne mikononi mwake tangu Septemba, yaani 152,000. Nikimkata mwezi huu wote nitakuwa nimekosea?

Bodaboda Mkomaindo

Mama ungetuachia sisi dakika tano tu. Usingekuwa unaandika hapa saa hizi.

Karani Mstaafu, Lindi

Kijana, angekuwa anaandika kutoka mahabusu. Nimekaa ukarani wa mahakama ya mwanzo miaka ishirini na miwili. Tulikuwa na shauri la doti moja ya khanga. Aliyeiba alipewa kifungo cha nje, akafagia zahanati miezi mitatu. Waliomvunja mkono ndio waliolala gerezani. Na angekufa, lingeitwa mauaji, na hapo hakuna hakimu wa kukuuliza khanga ilikuwa ya nani.

Mama, nakujibu moja moja, ila siyo kwa mpangilio wako, maana umeuliza jambo dogo kwanza na kubwa hukuliuliza.

Sheria yetu haina kosa linaloitwa wizi wa dukani. Kuna wizi, basi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa namba za toleo la 2022, maana yake iko kifungu cha 258 na adhabu ya jumla iko cha 265: kifungo kisichozidi miaka saba. Haikutazama bei. Pipi na jokofu ni kifungu kilekile. Lakini miaka saba ni dari, siyo sakafu. Shauri kama lako huishia mahakama ya mwanzo, na hakimu wa pale uwezo wake wa kufunga ni miezi kumi na miwili. Kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali imerudi, hakimu ana njia nyingine: faini, kuachiwa kwa masharti, au huduma kwa jamii, ambayo ina sheria yake tangu 2002. Juu ya hapo anaweza kuamuru ulipwe fidia ya kile kitenge cha tatu. Angekuwa mtoto chini ya miaka kumi na minane, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kifungo kabisa, shauri linakwenda mahakama ya watoto.

Hali inageuka ikiwa mwizi atatumia nguvu. Akikusukuma au akikutishia ili aondoke na mali, wizi umekuwa unyang'anyi. Akitoa kisu, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na huo ni miaka thelathini, hakimu hana pa kupunguza. Nimeona mtu akibadilisha maisha yake hivyo kwa chupa ya manukato.

Kumkamata hukukosea. Raia akishuhudia wizi anaruhusiwa kukamata, na mwenye mali zaidi. Ulivyosubiri avuke mlango pia ni vizuri. Kisheria kukisogeza kitu kwa nia ya kuiba kunatosha, lakini mtu akiwa bado ndani atasema alikuwa anakuja kulipa, nawe utalijibu nini?

Kosa limeanzia stoo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka raia aliyemkamata mtu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumficha mbali na vijana dakika kumi huku umepiga simu kituoni, nani atakulaumu. Saa nne nzima, simu kituoni hakuna, huku anaandikishwa karatasi, huko ni kumfungia mtu isivyo halali, na ni kosa la jinai.

Tena ile simu. Kile kifungu cha 258 kinahesabu kuwa ni nia ya wizi hata kuchukua mali ya mtu ili uitumie kama rehani. Soma tena neno ulilotumia wewe mwenyewe.

Mama Vitenge Masasi

Mzee wangu shikamoo. Kwa hiyo mimi ndiye mwizi sasa? Yeye aliyekunja vitenge kama nepi atembee, mimi nikafungwe?

Karani Mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu. Sijasema hivyo. Utakuwa na utetezi, kwamba uliamini kwa dhati una haki ya kuishika. Lakini utetezi ni kitu cha kusemea kizimbani, na mimi sitaki ufike huko. Simu irudi leo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, iandikwe na isainiwe.

Karatasi ya laki mbili ichane. Siyo kwa sababu tu imesainiwa stoo. Wizi ni kosa kubwa kisheria, na kupokea fedha kwa makubaliano kwamba hutalifikisha polisi ni kosa jingine peke yake, la kwako. Watu wa madukani wanaliita "kumalizana" na kila mtu analifanya, najua. Siku likiharibika, anayeshikwa ni mwenye risiti. Halafu hiyo laki mbili umeipata wapi? Umemwona na vitenge viwili, vimerudi. Vya Septemba una ushahidi gani kuwa ni yeye?

Ukitaka kumsamehe, fungua shauri kwanza. Mlalamikaji anaweza kuomba mbele ya hakimu wa mwanzo aliondoe, na hakimu akiridhika linaondoka. Msamaha wa namna hiyo hauwezi kurudi kukuuma.

Duka la Njomba, Newala

Mzee kamaliza mambo ya mahakama, mimi niongezee ya kamera maana nimeungua nayo.

Mwaka juzi nilibandika picha ya kijana mlangoni kwangu na neno MWIZI kwa wino mwekundu. Kumbe aliyeonekana ni mdogo wake, wanafanana. Nililipa mbuzi kwa wazee na kuomba radhi barazani, na bado mama yao hanisalimii. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023. Picha ya mtu uliyoipata kwa kamera ni taarifa yake binafsi, na kuirusha kwenye grupu la watu mia mbili kabla mahakama haijasema chochote ni kujitafutia kesi. Ya kashfa nayo ipo. Picha ipeleke polisi, grupuni andika tu: wenzangu kuwe na tahadhari, wanakuja wawili, mmoja anaulizia vya juu. Maneno hayo yanafanya kazi kuliko sura.

Halafu mama, nenda kaangalie saa ya kamera yako. Yangu umeme ukikatika inarudi 2018. Video inakubalika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua, lakini utaulizwa nani aliitoa kwenye mashine, ilihifadhiwa wapi, na mbona inasema mwaka mwingine. Usimpe fundi aikate na kuipendezesha. Iache nzima.

Na ngazi, njomba, ngazi! Duka la vitenge lenye msaidizi mmoja halina ngazi wakati wa msimu. Mimi vya juu ni vya maonyesho, nimevipigilia misumari.

Binti wa Kaunta

Shikamoo mama. Mimi ni msaidizi wa duka hapa Mtwara mjini, sitasema duka gani. Naomba niseme kuhusu huyo dada mwenzangu, maana wote mmempita kama kiti.

Mimi nimewahi kukatwa mshahara mzima. Zilipotea losheni sita, bosi akasema ni zamu yangu. Mwezi ule nilikula kwa jirani na kodi nikalipa nusu. Wala sikujua naruhusiwa kuuliza. Baadaye kaka mmoja wa chama cha wafanyakazi alinionyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hawezi kukata tu kwa ajili ya hasara. Kwanza mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake yeye. Apewe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu, apewe nafasi ya kupinga. Asikatwe zaidi ya hasara halisi. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake.

Kwa huyo dada robo ni 40,000. Siyo 152,000. Na hata hiyo 40,000 mama, kosa lake ni lipi? Alikuwa kwenye ngazi kwa sababu mteja kaomba na kazi uliyompa ndiyo hiyo. Wewe mwenye kamera ulikuwa nyuma na ming'oko. Nisamehe kwa kusema.

Ukimkata bila hayo anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku sitini. Ukimfukuza na akaona ameonewa ni siku thelathini. Namwombea asijue, na namwombea ajue, vyote viwili.

Mama Vitenge Masasi

Binti, hujanikosea. Nimeisoma mara mbili ile ya ming'oko. Nikacheka, kisha nikanyamaza.

Bodaboda Mkomaindo

Mimi nimenyamaza tangu asubuhi. Mzee wa Lindi, hiyo ya mkono uliovunjika, walifungwa muda gani?

Karani Mstaafu, Lindi

Miezi tisa. Mmoja alikuwa na pikipiki ya mkataba. Mwenye pikipiki aliichukua wiki ya pili.

Mama Vitenge Masasi

Nimerudi wadau, niwape yaliyotokea.

Juzi asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na simu mkononi, tukamwita mume. Alikuja na mkewe. Simu wakaiwasha, wakaikagua, wakasaini. Karatasi ya laki mbili niliichana mbele yao. Nikamwomba radhi kwa ya stoo, na hilo lilinitoka kwa shida, sitawadanganya. Yeye hakuniomba radhi kwa vitenge. Alikuwa anatazama sakafu tu, mume wake ndiye aliyesema pole.

Kutoka hapo nikaenda polisi nikaeleza yote, na ya stoo sikuificha. Askari wa zamu kaniuliza kwa nini nimekuja siku ya tano, sikuwa na jibu la maana. Kaniandikia, nina namba ya RB, ile ya kitabu cha taarifa cha polisi. Mume alitoa 38,000 ya kitenge cha tatu pale pale, nikaikataa kwa maneno ya mzee, nikamwambia aiweke, tutaizungumza mbele ya hakimu. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Ya kunishitaki hajaitaja tena, lakini pia hajasema ameacha.

Njomba wa Newala, kamera yangu inasoma Januari 2019. Fundi anakuja kesho, ila nimemwambia video ile asiiguse.

Msaidizi wangu nimemlipa yote 160,000. Nilimweleza nilikuwa nataka kumkata, nikaona ni bora ajue. Akaniambia alishajua, binti yangu alimsomea uzi huu siku ya kwanza. Ngazi tumeipeleka nyumbani, tunatumia kuchumia maembe. Leo kaja mteja kaulizia kitenge cha juu kabisa, cha kijani, na binti kamjibu hicho hakiuzwi.