Nataka kupima mirungi maabara, nimekwama kwenye kibali. Naombeni ushauri

Mwana wa Ukerewe: Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanza, nasoma uzamili wa kemia. Nataka kupima kathinoni, ile kemikali inayowachangamsha walaji wa gomba, yaani mirungi, nione inavyopungua jani likinyauka. Ikivunjika hubaki kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Wanaofunga vibunda kwenye jani la mgomba wanalijua hilo bila maabara: mirungi ikikauka, mteja haigusi.

Ili mashine inipe jibu la kuaminika nahitaji kathinoni safi ya kulinganishia, miligramu chache tu. Muuzaji wa nje kanijibu leo: hatumi bila kibali cha kuingiza cha Tanzania na kibali cha kutoa cha kwao. Muda wangu chuoni unaisha Juni. Nibadilishe mada?

Mzee wa Maabara: Pole mdogo wangu. Muuzaji hakuonei. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaiweka kathinoni Jedwali la Kwanza, lile la masharti makali zaidi, sawa na dawa ya kulevya ya LSD. Utafiti unaruhusiwa, ila kwa watu na taasisi zilizoidhinishwa na serikali. Kwa hiyo anayeomba ni chuo, si wewe. Msimamizi wako aiandikie DCEA, mamlaka ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, ataje kiasi, kabati la kufungia na nani anashika ufunguo. Sisi tulisahau kuutaja huo ufunguo, tukaandika barua upya.

Binti Igogo: Kaka, na majani unayatoa wapi? Usije ukanunua kibunda ukakitia kwenye begi ukidhani kitambulisho cha chuo kitakuokoa! Kwa sheria ya 2015 mirungi ni dawa za kulevya, na askari wa kizuizi cha barabarani hajui habari za tasnifu. Nenda ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa. Omba kufanya kazi na vielelezo vyao, yaani mirungi iliyokamatwa ikapelekwa kupimwa.

Mwana wa Ukerewe: Dada, nashukuru, hilo sikuliwaza kabisa. Ila vielelezo si vitafika vimeshakauka?

Mzee wa Maabara: Ndiyo mada yako hiyo! Kielelezo kilichowahi friza na kilicholala kwenye bahasha ya kaki, kila kimoja kimebakiwa na nini? Anza na kathini. Iko Jedwali la Tatu, masharti yake kimataifa ni mepesi zaidi. Ya hapa nyumbani ulizia palepale DCEA. Ombi la kathinoni liende sambamba, usilisubiri.

Mwana wa Ukerewe: Naandika rasimu ya barua usiku huu. Kesho saa mbili asubuhi msimamizi atanikuta mlangoni kwake.