MJADALA: Tukihamia Mars tubebe nini? Mimi nasema nsenene, wale panzi wa kukaanga

Jamani naona huu mjadala wa kuhamia sayari zingine umegeuka vita. Kuna wanaosema Uganda isiguse mambo ya anga mpaka mashimo ya barabarani yazibwe yote, na kuna wanaotaka tujenge uwanja wa roketi pale Kayabwe kwa sababu ikweta inapita hapo. Hawa wa mashimo nawaelewa, nani atabishana na mtu ambaye shokabu zake zimekufa, lakini satelaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliruka 2022 na ni kidude cha kushika kwa mkono mmoja, sio hiyo iliyokula lami bwana.

Sasa nyie wa Kayabwe. Ni kweli dunia pale ikweta inazunguka kama kilomita 1,670 kwa saa na roketi inapata lifti ya bure, ila kukaa kwenye obiti kunataka kama 28,000, na Florida wenyewe wanapata karibu 1,470, yaani tunawazidi 200 tu halafu tunajigamba. Tena roketi huwa inarushwa kuelekea mashariki ifuate mzunguko wa dunia, na vipande inavyoacha njiani vinaanguka huko mbele, haya mbele yetu kuna nini? Ziwa, halafu Kisumu, Nakuru, Nanyuki. Kesho yake tuko Arusha kwenye mahakama ya Jumuiya tunajieleza. Waitaliano walipiga hesabu, satelaiti ya Uhuru mwaka 1970 ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, mbele maji matupu.

Kinachotesa watu kwenye hii safari ni uzito. Roketi ikiondoka chini, karibu asilimia 90 ya uzito wake ni mafuta tu, kilichobaki ndio mnagawana chuma, watu na chakula. Njiani ni kama miezi 7, na nafasi nzuri ya kuondoka inarudi kila baada ya miezi 26, kwa hiyo ukisahau chumvi nyumbani imekula kwako. Basi anayetaka kupakia matoke namwomba ashuke, matoke ni maji na maganda. Unga wa posho, yaani wa ugali, angalau ni mkavu, na maji ya kuupikia yapo, kwenye kituo cha kimataifa cha anga mkojo unasafishwa unanyweka mpaka leo na hakuna aliyekufa.

Mboga ndio nsenene sasa. Nenda Masaka mwezi wa Novemba usiku uone, mabati yamesimamishwa kwenye mapipa, taa kali mpaka macho yanauma, moshi wa nyasi unafuka, wadudu wanagonga bati wanateleza wenyewe ndani. Unang'oa mabawa na miguu, kikaangoni wanatoa mafuta yao wenyewe, wewe ongeza kitunguu tu. Mdudu anakula kidogo, anakunywa kidogo, hataki malisho, nani atapandisha ng'ombe wa Ankole na zile pembe kwenye roketi? Tatizo ni kwamba nsenene mpaka leo tunawanasa, hatujazoea kuwafuga kama mifugo, na Mars mvutano ni asilimia 38 ya huku, akiruka huyo utamtafuta darini. Lakini hiyo si kazi ya kuwashinda wanasayansi wetu.

Na watu pia wawe wepesi. Wafupi kwanza, na wanawake kwanza, kwa wastani wanakula kidogo na wanavuta oksijeni kidogo kuliko sisi. Najua wanaume mtanirukia. Ila hapa ndipo pana utamu, maana mila ya Buganda zamani mwanamke alikuwa ananasa nsenene, anakaanga, mume ndiye anakula, yeye anasubiri gomesi mpya, lile gauni la kina mama. Siku hizi wanakula wazi na hakuna kilichotokea, lakini nataka nisikie wazee wanasema nini kuhusu roketi nzima ya kina mama na magunia ya nsenene bila mume hata mmoja wa kupelekewa sahani.

Halafu Buganda kuna ukoo wa Nsenene, wadudu hao ni mwiko wao, hawali kabisa. Wengine wameshaanza kusema wabaki duniani. Mimi nasema mmoja wao lazima apande, apewe funguo za stoo. Anayepinga aseme nani mwingine ataaminika miezi 7 na hayo magunia.